Kumsuka Bhoke kwa Kalamu

Kabla ya kumpa mtu nywele, mchoraji huyu humnyoa kwanza. Binti aliye kwenye skrini, anayeitwa Bhoke katika hadithi anayochorewa, ana macho, pua, kidevu na shingo iliyokaa vizuri mabegani, lakini kichwa chake ni kipara kitupu kinachong'aa. Asubuhi nzima imeishia kwenye fuvu hilo: kisogo, utosi, mfupa wa nyuma ya sikio, na ule mteremko mdogo unaoshuka kuelekea shingoni. Karibu vyote hivyo vitafunikwa.

"Nywele hazikai hewani, kaka," ananiambia bila kugeuka. "Zinakaa kwenye kichwa. Kichwa kikiwa kibovu, utasuka mpaka kesho."

Tupo Tarime mjini, chumba cha nyuma cha duka la vifaa vya ofisi. Mbele wanatoa fotokopi, wanapiga picha za pasipoti na kuchapa barua za maombi ya kazi. Huku nyuma kuna meza moja, kompyuta mpakato, kibao cheusi cha kuchorea na kalamu isiyo na wino. Ukiigandamiza kalamu kidogo, mstari unatoka mwembamba na hafifu. Ukizidisha, unanenepa na kukolea. Vibao vya siku hizi, hata vya bei nafuu, vingi hutambua ngazi 8,192 za mgandamizo, na mkono wa dada huyu unaonekana kuzijua nyingi kati ya hizo. Programu anayotumia inaitwa Krita, nayo hupatikana bure. Kazi iliyopo mezani ni kitabu cha picha cha watoto: binti wa kijiji kimoja wilayani Serengeti, bibi yake, na simba. Kurasa chache, maneno machache, nywele nyingi.

Zamani alikuwa msusi. Alianza akiwa bado shuleni, wakati wa likizo, kwenye saluni ya shangazi yake kule Mugumu, akashika vichwa vya kila aina mpaka vidole vikazoea. Hapo ndipo siri ya kazi yake ilipo, ingawa mwenyewe haiiti siri. Wachoraji wengi huchora nywele jinsi zinavyoonekana. Yeye huzichora jinsi zilivyofika pale zilipo: zimeota vipi, zimegawanywa wapi, nani kazivuta, na zimefungwa upande gani.

Basi swali la kwanza aliloliuliza juu ya Bhoke halikuwa la rangi wala la mwanga. Aliuliza: huyu mtoto nywele kazitoa wapi? Shule nyingi za serikali huwataka wanafunzi wakate nywele ziwe fupi, na unywele wa binadamu hukua kwa wastani wa kama sentimita 1 kwa mwezi. Mwandishi wa hadithi alikuwa ameandika tu kwamba binti amesukwa vizuri. Mchoraji akasoma tena, akakuta kwamba Bhoke amemaliza darasa la saba na anasubiri kuanza kidato cha kwanza. Mtihani wa darasa la saba hufanyika Septemba. Kidato cha kwanza huanza Januari. Kwa hiyo mwezi Desemba, hadithi inapotokea, Bhoke ana nywele za sentimita 3, au 4 kama hakuzikata mwishoni. Zinatosha kwa twende kilioni. Hazitoshi kwa mikia mirefu ya kuning'inia mgongoni. Hakuna msomaji wa miaka saba atakayepiga hesabu hiyo. Mchoraji ameshaipiga, na mikia ya Bhoke itakuwa mifupi.

Sasa anaweka uzito. Anafungua leya mpya, yaani tabaka jipya la picha, juu ya kile kipara, anachukua brashi pana, na kwa rangi moja tu anafunika eneo lote ambalo nywele zitakaa. Rangi yenyewe si nyeusi. Ni kahawia iliyokolea sana, yenye wekundu kwa mbali. Ukianza na weusi kamili, anasema, kivuli utakipaka rangi gani? Hata nywele zilizosukwa zikabana kichwa huongeza kimo, kwa hiyo ukingo wa rangi hii unapanda juu kidogo ya fuvu na kushuka taratibu kwenye paji. Hapo kwenye paji anapunguza mgandamizo mpaka rangi inakuwa vumbi. Mstari mkali mahali hapo ungemfanya Bhoke aonekane amevaa kofia, na nimeona mabango mengi ya saluni, kutoka Sirari mpaka Musoma, ambayo warembo wake wamevaa kofia za namna hiyo.

Kisha anaamua jua liko wapi. Saa kumi jioni, upande wa kushoto, nyuma kidogo ya bega. Anachora mshale mwekundu pembeni ya picha ili asisahau, na mshale huo unabaki hapo mpaka mwisho wa kazi.

Suala la mwanga linahitaji maelezo, maana hapa ndipo picha nyingi za nywele zetu hufia. Unywele wa singa ni mrefu na umenyooka. Jua likiupiga, hung'aa mahali pamoja. Wa jirani yake hung'aa karibu na hapohapo, na wa tatu vivyo hivyo. Zikikaa maelfu pamoja, mng'ao huo huungana ukawa utepe mmoja unaokatiza kichwa. Mwaka 1989 James Kajiya na Timothy Kay walionyesha namna ya kuukokotoa kwa kompyuta, wakitumia picha ya dubu wa kuchezea mwenye manyoya. Mwaka 2003 Stephen Marschner na wenzake wakaongeza kwamba sehemu ya mwanga huingia ndani ya unywele, hugonga upande wa pili, kisha hutoka umebeba rangi ya unywele wenyewe. Ni kazi nzuri, na programu nyingi zimejengwa juu yake.

Nywele za kipilipili hazina utepe. Kila unywele unageuka kabla mwanga haujatulia juu yake, kwa hiyo mng'ao unavunjika ukawa nukta ndogondogo zilizotawanyika, na katikati yake kuna giza laini linalomeza mwanga. Mchoraji aliyejifunza kwa picha za singa huweka utepe wake mweupe juu ya kichwa cha Bhoke, na hapohapo kichwa kinageuka plastiki. Dada huyu hagusi mng'ao mpaka umbo lote likamilike. Kalamu inasubiri.

Hatua inayofuata ndiyo niliyoipenda kuliko zote. Anachora njia, yaani mistari ya ngozi inayoonekana kati ya msuko na msuko. Nywele bado hajazigusa. Kwenye leya ya peke yake, kwa rangi ya ngozi iliyopakwa mafuta, anashuka kutoka kwenye paji hadi kisogoni, mkono ukienda polepole kwa mwendo mmoja. Anachora, anatazama, anafuta. Anachora tena. Njia zinapanuka kidogo zinapopita juu ya utosi, kwa sababu hapo kichwa ni kipana; zinasogeleana zinapozunguka kisogo. Zile za pembeni zinapinda kulikwepa sikio. Sasa naelewa kwa nini fuvu lilichukua asubuhi nzima. Njia hizi zinalifuata kila mahali, na pale fuvu lingekuwa na kosa, njia zingelitangaza. Msusi hufanya kazi hii kwa mkia wa kitana, kwa mkono mmoja, huku anaongea na mteja wa pili. Kwa kalamu inachukua muda mrefu zaidi.

Njia zikishatulia, anaanza kusuka. Neno hilo ni lake, na ukitazama mkono wake huwezi kumbishia. Msuko wa twende kilioni huanza mwembamba kwenye paji kwa sababu msusi ameanza na nywele chache, mafungu matatu madogo. Kila anapopiga hatua moja kwenda nyuma huokota nywele nyingine kutoka kwenye ngozi na kuziingiza, kwa hiyo msuko unanenepa kadiri unavyoelekea kisogoni. Ukifika mwisho wa nywele na kuachana na ngozi, hauokoti kitu tena, na mkia unakonda hadi ncha. Mchoraji anafuata mpangilio huohuo, mbele kwenda nyuma, kifundo kwa kifundo. Hachori mstari mzima halafu akaukatakata. Kila kifundo kina umbo lake la pembe inayoelekea nyuma. Kinapata rangi ya kati, kisha giza pale kinapoingia chini ya mwenzake, kisha doa la mwanga upande unaotazama ule mshale mwekundu. Rangi tatu, kifundo kimoja. Vifundo vya upande wa kulia, ulio mbali na jua, vinapata doa la kibuluu badala ya la manjano, maana huko mwanga unatoka angani tu.

Kati ya njia na msuko kuna eneo dogo ambalo ni rahisi kulisahau: nywele zilizovutwa kutoka ukingo wa njia kuelekea kwenye kifundo. Anazichora kwa brashi nyembamba, zikiwa zimelala sambamba, zimekazwa. Zimekazwa kiasi gani? Hilo nalo ni uamuzi. Msuko wa leo asubuhi huvuta ngozi mpaka nyusi zinapanda, kila mwanamke anajua. Wa wiki mbili umeshachoka. Bhoke amesukwa siku tatu zilizopita, kwa hiyo mvuto upo, lakini nywele kadhaa zimeshatoroka.

Kwa hizo zilizotoroka ana brashi aliyoitengeneza mwenyewe. Brashi nyingi za nywele zinazopatikana tayari huchora nyuzi nyingi zinazokwenda pamoja upande mmoja. Kwa singa zinafaa, kwa Bhoke zinaleta ufagio. Yeye alichora kisokoto kimoja kidogo cha unywele, akakihifadhi kuwa ncha ya brashi, akaiagiza programu ikigeuze bila mpangilio kila kalamu inapogusa kibao. Baadaye akatengeneza cha pili, kinachojizungusha upande wa pili, kwa sababu alishaona vichwani mwa wateja kwamba visokoto vya kichwa kimoja havizunguki vyote upande mmoja.

Jambo hilo limefika hata kwenye maabara. Mwaka 2024 kundi la watafiti, akiwamo Theodore Kim wa Chuo Kikuu cha Yale na A.M. Darke wa University of California, Santa Cruz, lilichapisha hesabu mahususi za nywele zilizojikunja sana. Walieleza, pamoja na mengine, kwamba unywele wa namna hiyo huweza kubadili mzunguko wake katikati ya safari, na kwamba karibu na ngozi nywele hukaa shaghalabaghala kwanza kabla ya kushikana zikawa visokoto. Mwaka uliotangulia, Darke alikuwa ameshafungua maktaba huria ya mitindo ya nywele za Kiafrika kwa ajili ya watengenezaji wa michezo na filamu za kompyuta. Miaka zaidi ya thelathini ilikuwa imepita tangu yule dubu. Filamu za katuni zilikuwa zimekwenda mbali mno: Pixar walimpa Merida, binti wa filamu ya Brave ya mwaka 2012, mikunjo zaidi ya 1,500 iliyopangwa kwa mkono, na wakaandika programu mpya ili icheze sawasawa. Nywele zilipewa hadhi ya mhusika mkuu. Ila zilikuwa nyekundu na zinashuka mgongoni.

Bibi yake Bhoke alimchukua muda mfupi zaidi, lakini kazi yake ina ugumu wa kinyume. Nywele zake ni fupi, zimekatwa karibu na ngozi, na ana mvi. Kwa Bhoke mchoraji alianzia gizani akaongeza mwanga. Kwa bibi mwanga umo kwenye nywele zenyewe, na giza ni ngozi inayoonekana chini yake. Mvi hazikusambazwa sawasawa. Zimejaa kwenye panja, zimepungua utosini, na nyuma ya masikio bado kuna weusi wa ujana. Nilimwona akifuta mvi alizoziweka vizuri kabisa, kwa sababu tu zilikuwa zimejipanga.

Halafu simba. Mtu anaweza kudhani mnyama ni nafuu, hasa kwa mtu wa Mara, ambako sehemu kubwa ya wilaya ya Serengeti ni hifadhi. Lakini manyoya ya shingo ya simba dume ni barua inayosomwa na simba wenzake. Peyton West na Craig Packer walilithibitisha hilo hukohuko Serengeti. Walitengenezewa simba wanne bandia wenye ukubwa wa simba halisi, wenye manyoya marefu na mafupi, meusi na ya rangi nyepesi, wakawapa majina ya Lothario, Fabio, Romeo na Julio. Wakawasimamisha porini wawili wawili na kuwaita simba wa kweli kwa sauti zilizorekodiwa. Majike karibu kila mara waliwaendea wenye manyoya meusi. Madume waliwakwepa hao na kuwaendea wenye rangi nyepesi. Utafiti ulichapishwa katika jarida la Science mwaka 2002: weusi huenda na lishe nzuri na homoni za kiume, ingawa pia humwongezea simba joto. Sanamu hizo ziliwapotosha simba, kwa sababu fundi wake alizipatia nywele. Nilipomsimulia mchoraji, aliacha kalamu kwa mara ya kwanza siku ile, akamtazama simba wake wa kwenye skrini, akayakoleza manyoya ya kifuani.

Kwa Bhoke zimebaki nywele za mwisho, ambazo ni chache na ndizo huonekana kwanza. Malaika wa pembeni mwa paji, mbele ya sikio, nyuma ya shingo. Brashi ya pikseli 2, mgandamizo hafifu, mkono unaruka. Anaweka kama kumi na tano, anarudi nyuma kwenye kiti, anafuta tisa. Anaweka kivuli chembamba cha nywele juu ya ngozi ya paji. Sasa tu ndipo anapotia zile nukta za mng'ao, juu ya vifundo vinavyotazama jua, na hata hapo anaruka kimoja baada ya kingine.

Kukagua kuna taratibu zake. Anaigeuza picha kushoto iwe kulia, ili jicho lililozoea lishtuke. Anaondoa rangi zote ibaki nyeusi na nyeupe. Anaipunguza mpaka ukubwa wa stempu. Bhoke wa stempu bado anaonekana amesukwa, na hilo linamridhisha. Kisha anasubiri mkaguzi wa kweli, ambaye ni msusi wa saluni ya jirani, anayekuja kila jioni kuchukua simu yake aliyoiacha kwenye chaji.

Msusi aliinama mbele ya skrini, mikono ikinukia mafuta ya nazi. Hakusema picha ni nzuri. Alisema, "Huyu kasukwa na nani?"

"Na mimi."

"Wote wewe? Na huu wa tatu?" Aliuelekezea kidole mstari wa tatu kutoka sikioni. "Vifundo vya huu vinaangalia mbele. Huu umesukwa kutoka kisogoni."

Mchoraji akacheka, kicheko cha mtu aliyefumaniwa. Mstari wa tatu ndio pekee ambao hakuusuka siku ile. Aliunakili kutoka kwenye jaribio la zamani na kuugeuza ili uingie. Mimi nilikuwa nimekaa pale saa nyingi na sikuuona. Ungepita kiwandani, ungepita dukani, ungefika mikononi mwa watoto, na karibu kila mtu angeona binti aliyesukwa vizuri. Akaifuta leya nzima ya mstari ule, akashusha njia yake upya, akaanza na kifundo cha kwanza kwenye paji, kidogo, cha nywele chache. Duka la mbele lilishafungwa alipofika kwenye mkia. Msusi alikuwa bado amesimama mlangoni, simu mkononi.

"Ehee," alisema. "Sasa kasukwa."

Kijana wa Tarime, Mugumu au Sirari anayetaka kujaribu kazi hii hahitaji mtaji mkubwa. Krita haina malipo, na hata mausi ya kawaida inatosha kwa miezi ya mwanzo. Ila brashi za nywele usizipakue kwanza. Nenda saluni siku ya Jumamosi, wateja wanapokuwa wengi, omba nafasi kwenye benchi, na uchore njia tu, bila unywele hata mmoja, mpaka msusi akizitazama aweze kukutajia huo ni msuko gani.